Meza Iliyoinama

Baba yangu alikuwa fundi wa redio na runinga. Kibanda chake kilikuwa Kisauni, Mombasa, kimebanana na duka la mchele, na mimi nikitoka chuoni alasiri nilipitia pale nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka afunge. Kibanda kilinukia risasi ya kulehemu na vumbi lililoungua. Kuliko vyote nilipenda runinga iliyoletwa na ugonjwa wa picha kupanda. Baba akiiwasha, msomaji wa habari anatokea amekatwa katikati: tai na mabega viko juu ya kioo, chini yake mstari mweusi, na chini ya mstari ndipo kilipo kichwa, kinasoma habari za Bunge kwa heshima ile ile kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha mtu mzima anaanza kupanda. Mabega yanapotelea juu, kichwa kinafuata, halafu vyote vinaibuka tena chini. Nilicheka mpaka machozi. Baba alizungusha kitufe cha nyuma kwa ncha ya bisibisi, taratibu mno, na mara nyingine akiona nimeshikwa na kicheko aliiacha picha ipande tena raundi mbili tatu kabla ya kuitengeneza.

Sikujua kwamba miaka mingi nyuma, ng'ambo ya bahari, palikuwa na mtu mzima aliyelipwa mshahara kwa kuichezea runinga namna hiyo. Ernie Kovacs, Mmarekani, mchekeshaji wa miaka ya 1950. Amekufa zamani, mwaka 1962, na huku kwetu sijakutana na mtu aliyewahi kulitaja jina lake. Nataka nimtaje mimi.

Nilikutana naye kazini. Kazi yangu ni kukata na kuunga video za harusi, na usiku mmoja nilikuwa natafuta namna ya kupindua picha bila kuiharibu, nikaangukia kipande cha zamani, cheusi na cheupe, kisicho na maneno. Mwanamume mwenye masharubu makubwa, mpole, mwenye haya kidogo, anaingia kwenye jumba la kimya ambamo waungwana wamekaa wakisoma. Viatu vyake vinalia kwa kila hatua. Anafungua kitabu cha hadithi ya binti mgonjwa wa kifua, na kitabu chenyewe kinakohoa. Anaketi mezani kula chakula alichobeba. Anatoa zeituni moja, anaiweka mezani, na zeituni inaondoka. Meza iko sawa kabisa, unaiona kwa macho yako, lakini zeituni inaviringika mpaka upande wa pili, inamwangukia bwana anayesoma gazeti. Anatoa nyingine, nayo inaondoka. Kisha anafungua chupa yake amimine maziwa, na maziwa hayashuki. Yanakwenda upande, yanakipita kikombe.

Nilisimamisha video nikainuka kwenye kiti.

Jibu lake ni jepesi ukishaambiwa. Studioni meza ilijengwa imeinama, pamoja na viti na ukuta wa nyuma, kisha kamera nayo ikainamishwa kwa pembe ile ile. Kwa kuwa kila kitu kimeinama pamoja, jicho linaona kila kitu kimesimama wima. Kisichodanganyika ni uzito tu. Zeituni inajua chini ni wapi, na maziwa yanajua. Wewe uliyekaa sebuleni kwako ndiye uliyepotea.

Kichekesho hicho alikirusha tarehe 19 Januari 1957 katika shirika la runinga la NBC, na namna alivyopata nafasi ni hadithi yake peke yake. Jerry Lewis, aliyekuwa nyota mkubwa wakati ule, alipewa dakika 90 akataka 60 tu. Ikabaki nusu saa, na nani atakubali kupanda jukwaani nyuma ya Jerry Lewis? Kovacs alikubali, akaijaza nusu saa nzima bila mazungumzo. Mwaka 1961 akakirudia upya katika shirika jingine, ABC, na chama cha waongozaji wa Marekani kikampa tuzo kwa uongozaji wake.

Alizaliwa Trenton, New Jersey, tarehe 23 Januari 1919, baba yake mhamiaji kutoka Hungaria. Alisomea uigizaji New York. Mwaka 1939 akaugua mapafu vibaya, akalazwa zaidi ya mwaka mzima, na pale wodini akawa anawachekesha wagonjwa wenzake na kusikiliza muziki wa okestra redioni. Muziki ule ulimwingia, na baadaye nusu ya vichekesho vyake vizuri vikawa vinakwenda kwa mapigo yake. Alitangaza redioni, akaandika safu gazetini, na mwaka 1950 akaingia runinga ya WPTZ, Philadelphia, ambako aliendesha kipindi cha mapishi. Novemba mwaka huo akapewa kipindi cha alfajiri, wakati ambapo wengi hawakuamini kuwa kuna mtu atawasha runinga kabla ya kifungua kinywa.

Bajeti ya kipindi hicho ilikuwa dola 15 kwa wiki. Watazamaji aliwaomba hewani wampelekee vitu wasivyovitaka nyumbani, wakampelekea mpaka ukumbi wa kituo ukajaa. Na kwa lenzi ya kamera yeye na mafundi wa kituo walijitengenezea kifaa kwa kopo tupu la supu na vioo, picha ikapinduka, akaonekana amesimama juu ya dari. Hapo namwona baba yangu kabisa: bisibisi, waya uliochomolewa kwenye redio iliyokufa, kipande cha bati, na kitu kinawaka.

Wachekeshaji wengi wa miaka ile walitoka jukwaani au redioni. Milton Berle, aliyekuwa mfalme wa runinga tangu 1948, alileta ukumbi wa maonyesho mbele ya kamera: anaingia na gauni la kike, anapigwa usoni kwa unga, watu ukumbini wanaangua kicheko. Aliipenda kazi yake na aliifanya vizuri. Lakini ungeiondoa kamera, kicheko kingebaki pale pale. Kwa Kovacs ukiiondoa kamera huna kitu. Una mtu amekaa upogo kwenye meza mbovu.

Tofauti hiyo mimi naielewa kupitia Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya. Sisi tuliokulia Kenya tulimpenda Mzee Ojwang', marehemu Benson Wanjau, na tulimpenda kwa mdomo wake: lile neno alilolivuta, ile lafudhi, ule mshangao kabla ya kumjibu Mama Kayai, mkewe wa kipindini. Kesho yake shuleni kila mmoja alikuwa Ojwang'. Kichekesho chake kilitembea. Kilitoka kwenye runinga ya jirani kikaenda darasani, kikapanda matatu, kikafika sokoni, na kilikuwa bado kinachekesha. Hiyo ndiyo jadi yetu na ni jadi kubwa, tangu hadithi za bibi, ambamo ulimi ndio kila kitu. Sasa jaribu kumsimulia mtu zeituni za Kovacs. Nimejaribu mara nyingi. "Kuna mtu anakula, zeituni inaviringika." Ehe, halafu? Halafu basi. Msikilizaji anakuangalia kwa huruma. Kichekesho hakikubali kutoka ndani ya kioo, kwa sababu kimetengenezwa kwa kioo.

Hili ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko wenzake wa wakati ule. Chombo kilikuwa kipya. Kila mtu alikiona kama dirisha la kuchungulia vitu vilivyokuwako tangu zamani: tamthilia, mieleka, muziki, mahubiri. Yeye alikishika kama mpiga ngoma anavyoishika ngoma mpya, anaigonga katikati, anaigonga pembeni, anaiinamisha, anasikiliza inasema nini. Kwa hiyo hakupenda watazamaji waliokaa studioni, na kicheko cha kubandika alikichukia. Na alikuwa na sababu ya kifundi. Waliokaa studioni wanaiona meza imeinama. Wanawaona mafundi wakivuta kamba. Anayeona kiini macho ni yule aliye mbele ya kioo peke yake, nyumbani, na Kovacs alimfanyia kazi yule mmoja. Vipindi vyake vya mwisho ni vya kimya kwa namna inayowashangaza vijana wa leo. Hakuna anayekuambia cheka hapa.

Alivyofanya kwa vitu vya kawaida siwezi kuvimaliza. Aliketi chini ya maji, kwenye kiti cha starehe, akisoma gazeti na kuvuta biri. Anaitoa mdomoni, anapuliza, na moshi mweupe unapaa majini. Yalikuwa maziwa aliyoyaweka mdomoni. Alimweka msichana ndani ya beseni la kuogea lililojaa povu, na mtu akatoka ndani ya povu, akafuatwa na mwingine, na mwingine, wanapita kwa adabu mpaka unajiuliza beseni lina kina gani. Chini ya beseni palikuwa na tundu. Alisimama kama muuza magari, akaipiga gari kofi la kuisifia, na sakafu ikaachia, gari likatumbukia lote. Kichekesho cha sekunde chache, na hebu fikiria kazi ya maseremala nyuma yake. Aliupanga muziki mzito wa okestra ukapigwa kwa mabua ya figili yanayovunjwa na droo za meza zinazofungwa kwa kishindo. Alitengeneza ofisi isiyo na watu ambamo simu, mashine za taipu na makabati vinacheza vyenyewe kwa mapigo ya muziki. Mimi ninayeunga picha na ngoma kila siku nakuambia: ule usahihi wa kila droo kwenye kila pigo, kwa mitambo ya 1961, ni kazi ya mtu asiyelala. Hata matangazo ya mdhamini wake, kampuni ya biri ya Dutch Masters, aliyafanya bila maneno, na ni mazuri.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Kichekesho chake kilichopendwa kuliko vyote kinaitwa "Nairobi Trio". Nilipoliona jina nilidhani nimesoma vibaya. Ni watu watatu waliovaa barakoa za sokwe aina ya gorila, makoti marefu, glavu nyeupe na kofia ngumu za mviringo. Mmoja yuko kwenye piano, mmoja anaongoza, mmoja ana virungu vya ngoma. Wimbo ni "Solfeggio" wa Robert Maxwell, na wanajitikisa kama wanasesere wa kutiwa ufunguo. Muziki ukifika mahali fulani pa kimya, mwenye virungu anageuka na kumgonga kiongozi kichwani. Kiongozi, ambaye ni Kovacs, anageuza uso polepole kumtazama. Yule anatazama mbele, hana habari. Wanaendelea. Na wewe sasa unajua pale pa kimya panarudi, na kiongozi naye anajua. Anasubiri. Shingo inaanza kukakamaa. Barakoa haina uso, haibadiliki hata unywele, lakini unaona hofu, unaona aibu, unaona mtu anayejaribu kushika heshima yake mpaka mwisho. Kufanya hayo yote kwa shingo na mabega tu, sijaona aliyemzidi.

Lakini kwa nini Nairobi? Nairobi haina sokwe wa namna ile. Wako Uganda, Rwanda na Kongo, kwenye misitu ya milima na mabonde ya huko. Jina lilianza kutumika mwaka 1954, na mwaka huo Nairobi ilikuwa kwenye magazeti ya dunia kwa jambo jingine. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, ya vita vya Mau Mau, tangu Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza liliuzingira mji katika operesheni waliyoiita Anvil, wakakusanya watu kwa maelfu mtaa kwa mtaa, wakawachambua, na wengi wakapakiwa kupelekwa kambini Langata, Mackinnon Road na Manyani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani. Alipotoka Manyani hakurudi Nairobi, alishuka na barabara mpaka Mombasa, na ndivyo mama alivyozaliwa huku. Hakuwahi kutusimulia kambi hata siku moja. Akiulizwa alisema palikuwa na vumbi.

Kwa hiyo nikimwona sokwe mwenye kofia akiitwa kwa jina la mji ule, mwaka ule, siwezi kusema ni jina tu. Naamini Kovacs hakukusudia kumdhihaki babu yangu, na ndani ya kichekesho chenyewe hakuna neno wala ishara inayomhusu Mwafrika. Wale watatu ni karani, bosi na mfitini wa ofisi yoyote duniani. Ila sioni kilichoyaunganisha mawazo hayo mawili, sokwe na Nairobi, isipokuwa mazoea ya wakati ule ya kuiona Afrika yote kama msitu mmoja usio na mitaa, usio na makarani. Aliyavunja mazoea ya chombo chake kila wiki. Mazoea haya hakuyaona. Nacheka kila nikiliangalia, na kila likianza natamani lingekuwa na jina jingine, na hayo mawili nimeshindwa kuyapatanisha, nimeyaacha yakae pamoja.

Alifariki tarehe 13 Januari 1962, Los Angeles, gari lake lilipogonga nguzo ya umeme usiku akitoka kwenye sherehe aliyoandaliwa Milton Berle, yule yule. Alibakisha siku 10 atimize miaka 43. Kipindi chake cha mwisho kilirushwa siku ya kuzaliwa kwake, naye yuko kaburini. Mwaka huo huo runinga ilianza kurushwa Kenya.

Tungekuwa hatuna cha kuona leo kama si mke wake, Edie Adams, mwimbaji na mwigizaji aliyecheza naye katika vipindi vingi. Mumewe alimwachia deni kubwa la kodi. Marafiki wakataka kufanya onyesho la kumchangia, akakataa, akafanya kazi mwenyewe mpaka akalimaliza. Kisha akagundua kuwa mashirika yalikuwa yanafuta kanda za Kovacs ili zirekodiwe vipindi vingine. Kanda ya video wakati ule ilikuwa ghali, na anayeifuta hakujiona mkosaji, alijiona anabana matumizi. Edie akaanza kuzinunua, moja baada ya nyingine. Mwaka 1996 alitoa ushahidi mbele ya Maktaba ya Bunge la Marekani akaeleza jinsi hazina ya kanda za shirika la runinga la DuMont, alikokuwa Kovacs mwaka ule wa 1954, ilivyopakiwa kwenye malori na kutupwa majini bandarini New York. Ninapofikiria kanda zile chini ya maji nakosa raha, kwa sababu najua kila moja ilikuwa na wiki ya mtu ndani yake. Edie alifariki Oktoba 2008. Kila zeituni ninayoiona ikiviringika ni yeye aliyeilipia.

Mwezi uliopita nilimwonyesha baba. Ana miaka 78, kibanda alishakifunga, jicho moja limeanza kuingia ukungu. Nilimwekea kwenye kompyuta yangu kile kipande cha meza, nikamsogezea kiti. Hakucheka. Zeituni ya kwanza ilipoviringika alisogea mbele. Maziwa yalipokwenda upande akaniambia, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu akaegemea nyuma.

"Kamera imelala," akasema. "Meza imelala, na kamera imelala nayo."

"Ndiyo, baba."

"Huyu si mchekeshaji. Huyu ni fundi."

Jumapili iliyofuata akaja na pimamaji yake mfukoni. Tuliweka matofali mawili chini ya miguu ya upande mmoja wa meza ya kulia. Ukutani nikatundika shuka jeupe lisilo na mistari, maana mstari wowote ulionyooka ungetufichua. Simu nikaifunga kwenye stendi, na baba akaiinamisha kidogo kidogo, jicho moja likiwa limefumbwa, mpaka ukingo wa meza ukalala sawa na ukingo wa kioo. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa, akakaa nyuma ya meza. Hapo tukagundua jambo ambalo Kovacs lazima alilijua: mtu naye hana budi kuinama na meza. Ukikaa wima kama Mungu alivyokuumba, kwenye picha unaonekana unaanguka. Tukamtia kitabu chini ya miguu ya kiti, tukamwambia alale kidogo, na kwenye simu akanyooka kama mwanafunzi siku ya picha.

Zeituni hatukuwa nazo, tulitumia ndimu. Akaweka ya kwanza mezani, ikaondoka. Akapiga kelele kwa furaha, akaweka ya pili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba matofali yale kwa mikono yangu, na bado nilipotazama kioo cha simu nilicheka kama nilivyocheka kwenye ndoo kibandani.

Kisha maziwa. Nilimpa chupa ya chai na kikombe. Anamimina huku akijitazama kwenye simu, na maziwa yanakwenda mezani. Anasogeza kikombe, anakosa tena. Anakisogeza kwa kukisia, yanapita upande wa pili. "Babu, yanakataa kuingia!" Meza imelowa, shuka limelowa, mama yake anaangalia kutoka mlangoni. Baba akaja akakaa kwenye kile kiti kilichoinama, akachukua chupa. Simu hakuitazama kabisa. Akakishika kikombe chini ya mdomo wa chupa, akamimina kama anavyomimina chai yake kila asubuhi.

Kwenye kioo cha simu kikombe kilikuwa mbali, kimekaa pembeni mahali pasipostahili, na maziwa yakapinda hewani yakaenda kukitafuta huko, yakaingia yote. Binti yangu akashika kichwa. Akamwambia babu yake arudie, na babu akarudia, mara sita nadhani, mpaka maziwa yakaisha. Ndimu mbili ziliingia chini ya kabati na hatujazitoa.